Taa Iliyotengenezwa na Kila Mtu

Taa iliyokufa haina ugomvi na mtu. Unabonyeza swichi, haiwaki. Unanunua balbu mpya, unaiweka, inawaka, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Inayovunja nyumba ni taa ya mara ipo mara haipo: jana usiku ilikuwa giza tupu, leo asubuhi mbele ya fundi inang'aa mpaka mwenyewe unaona haya. Ubovu wa namna hiyo hauachi ushahidi. Ukiusimulia unaonekana mzushi. Na kwa kuwa hakuna aliyeushuhudia mwanzo hadi mwisho, kila mtu anakuwa na maoni yake, na kwetu mtu mwenye maoni kuhusu gari la mwenzake hangoji kuulizwa.

Letu lilikuwa trela la kambi. Kwa asiyelijua: ni sanduku la bati na chuma lenye magurudumu mawili, linafungwa nyuma ya Land Cruiser, na likifika porini linafunguliwa pande zote. Humo hutoka hema, meza, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo, tangi la maji, friji, na betri ya kuviendesha, na juu kabisa paneli ya sola. Lilitengenezwa Afrika Kusini, ambako mapenzi ya watu kwa matrela ya namna hii hayana kipimo, likaingia nchini kwa barabara kupitia Tunduma, likaitumikia kampuni moja ya utalii hapa Arusha mpaka likachoka. Kisha likauzwa kwa mtu ambaye yeye bado hajachoka, yaani mume wangu.

Siku lilipoingia uani, mtaa mzima ulikuja kuliona. Mume wangu alifungua hema, akalifunga, akalifungua tena kwa ajili ya waliochelewa. Alionyesha droo ya vijiko. Alionyesha ndoano ya kutundikia taulo, ambayo kwa maelezo yake ilitosha peke yake kuhalalisha bei. Taa nazo zilijaribiwa: kushoto, kulia, breki, taa ndogo. Zote ziliwaka. Ubovu wa mara ipo mara haipo unaijua siku ya mauzo kuliko dalali.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la ufundi, maana bila hilo wengine wote nitakaowataja wataonekana wendawazimu, na si wote. Taa za nyuma za trela hazina umeme wake. Zinakopa kwenye gari kupitia plagi moja nene ya pini saba. Kwa mpangilio wa Ulaya, ambao hata Waafrika Kusini waliutumia kwenye trela letu, waya wa njano ni indiketa ya kushoto, wa kijani ni ya kulia, mwekundu ni breki, mweusi na wa kahawia ni taa ndogo za kushoto na kulia. Wa bluu ni wa taa ya ukungu, kitu cha maana ukiwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro saa kumi na mbili asubuhi, kwingineko ni pambo. Wa saba ni mweupe. Huo mweupe hauwashi chochote, na ndiyo maana katika kisa hiki kizima hakuna aliyeuliza habari zake. Ni ethi, njia ambayo umeme wa taa zote hurudia garini ukishamaliza kazi yake. Ni kama njia ya kurudi kutoka sokoni: hakuna anayeisifia, lakini ikizibwa, hata huko sokoni hakuendeki.

Safari ya kwanza tulielekea Karatu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa nyuma yetu na Noah yake amebeba watoto na mkaa. Jua lilikuwa limeshazama tulipoiacha Makuyuni, na simu ikaita.

"Shemeji, trela lenu halina taa hata moja."

Tukasimama kando ya barabara. Tukashuka wote, hata watoto, tukazunguka nyuma. Taa zote zinawaka. Shemeji akaapa. Mume wangu akamwambia asafishe kioo chake cha mbele. Tukaondoka. Baada ya muda simu ikaita tena.

"Sasa mmewasha indiketa ya kushoto, lakini kinachopepesa ni taa zote za trela, na zinapepesa kinyonge. Hata taa za breki za gari lenyewe zinapepesa."

Tukasimama. Tukakuta kila kitu sawasawa. Tulipoanza kuupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, shemeji akapiga simu kutupongeza: taa zinawaka vizuri ajabu. Kila tulipoteremka, zikazima. Kufika Karatu, mume wangu na mdogo wake walikuwa hawasemeshani, na mkaa ulishushwa na mimi.

Siku ya kurudi ndipo tulipokutana na afande. Barabara imenyooka, tambarare, magwanda meupe yanaonekana toka mbali.

"Habari za safari, mama?"

"Nzuri, afande. Pole na kazi."

"Ahsante. Dereva, washa indiketa. Kushoto. Haya, kulia. Kanyaga breki."

Afande alikuwa amesimama kati ya gari na trela, amepandisha mguu mmoja juu ya ule mkono wa chuma unaoliunganisha trela na gari, apate pa kuegemeza mashine yake ya kuandikia faini. Taa ziliitika moja baada ya nyingine, safi kabisa. Akaridhika. Akashusha mguu. Taa zikazima.

Akatazama. Akarudi, akapandisha mguu ili aandike vizuri. Taa zikawaka. Akashusha. Zikazima.

"Dereva, unanichezea?"

"Afande, mimi nimekanyaga breki tangu uliponiambia. Mguu unauma."

Mzee yule, maana alikuwa mtu mzima, alipandisha na kushusha mguu mpaka akawa na uhakika. Kisha akatuachia twende. Nadhani si kwa huruma. Alikosa tu cha kuandika. Katika orodha ndefu ya makosa ya barabarani hakuna linaloitwa taa kuwaka pale tu afande anapokanyaga.

Nyumbani habari ikatangulia kufika. Wa kwanza kuja kutoa tiba alikuwa jirani yetu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mwenye msimamo kwamba taa ya nyuma haitengenezwi, inaonywa. Alizunguka nyuma ya trela, akakunja mkono wa shati, akaipiga taa ya kushoto kofi moja la uzito wa wastani. Ikawaka, na ya kulia ikawaka kwa hofu. Jirani hakusema neno. Alifuta mkono kwenye suruali na kuketi kusubiri chai, na alistahili.

Siku mbili tatu baadaye zikazima tena, na safari hii alikuwapo mama mkwe wangu, amekuja kututembelea na mchicha wake. Alitafuta pa kukaa auchambue, akaukalia ule mkono wa trela. Taa, ambazo mume wangu alikuwa akihangaika nazo tangu asubuhi, zikawaka zote.

"Hiki chombo mlikileta bila kukiombea," akasema mama. "Mimi nimekaa hapa nikamtaja Mungu, mmeona wenyewe."

Tuliona. Alipoinuka kwenda kuosha mchicha, taa zikazima. Aliporudi kukaa, zikawaka. Hakuna mchungaji aliyewahi kupata jibu la haraka hivyo. Mume wangu, ambaye huwa anakwepa ibada kwa visingizio vya kazi, alimtazama mama yake kwa jicho jipya, kisha akamuuliza kwa upole kama angependa kutembelea Tarangire. Mama alikubali kwenda Tarangire. Alichokataa ni kwenda amekaa hapo.

Shemeji yeye ni mtu wa kisasa. Alitazama video kwenye simu, za Wamarekani, ambao kwao matrela ya kambi ni jambo la kawaida na kila mwenye trela anajua kulifungua. Tatizo ni kwamba trela la Marekani si trela letu. Huko mara nyingi breki na indiketa hutumia waya mmoja: wa njano ni breki na indiketa ya kushoto kwa pamoja, wa kijani ni breki na indiketa ya kulia. Shemeji aliona kwenye plagi yetu waya mwekundu ukikaa peke yake, akauhurumia, akauunganisha na wa njano na wa kijani. Tangu hapo tukikanyaga breki, taa zote za nyuma ziliwaka kwa pamoja, na tukiwasha indiketa ya kushoto, trela zima lilikonyeza. Madereva waliokuwa nyuma yetu walidhani tumepatwa na jambo la kheri, wakapiga honi kutupongeza.

Lakini kabla ya kazi ile ya shemeji taa zilikuwa zimezima, na baada yake ziliwaka. Zikazima siku nyingine kabisa. Kwa hiyo naye aliingia kwenye orodha ya waliotengeneza.

Huo ndio ujanja wa ubovu unaokuja na kuondoka: haumwaibishi mganga yeyote. Taa iliyokufa humuumbua kila asiyejua, maana anahangaika nayo na inabaki gizani. Taa inayorudi yenyewe inamngojea mtu aiguse, aipige, aiombee au aikalie, halafu inawaka, na sifa zinakwenda kwa wa mwisho kugusa. Wahenga walisema penye wengi haliharibiki neno. Neno, sawa. Nyaya ni habari nyingine.

Tukaenda gereji, kwa fundi kijana, msafi, mwenye mita ya namba inayotoa mlio. Alichomoa balbu, akaweka ncha mbili za mita kwenye soketi ya taa.

"Umeme upo, mama. Volti 12.6."

"Ila taa haiwaki, fundi."

"Umeme upo. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Kweli, 12.6. Akarudisha balbu, haiwaki. Akaichomoa, akapima, 12.6. Mabishano ya aina hii nimeyazoea nyumbani, pande zote mbili zina ushahidi na chakula bado hakijaiva. Mwishowe fundi aliamua kwamba ikiwa umeme upo na taa haiwaki, basi kosa ni la taa, akabadilisha balbu zote na kuweka za LED. Ajabu ni kwamba mambo yalitengemaa kidogo. Taa ndogo zilianza kukaa bila kuzima. Ila indiketa zilishikwa na haraka, tik-tik-tik-tik, kwa sababu relei yetu ya kizamani hupima mzigo wa balbu, na ikiona mzigo umepungua inadhani balbu mojawapo imeungua, basi inakimbia kumtahadharisha dereva. Tukawa na trela linalokata kona kwa wasiwasi.

Wakati huo ndani ya trela nako kulikuwa kumeanza. Tulikwenda Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, kwa ile barabara ya Engaruka yenye mawimbi yanayogonganisha meno. Yeyote aliyepita huko anajua vumbi la pale linavyoingia hata kwenye chupa iliyofungwa, na ukikaribia Ziwa Natron linachanganyika na magadi. Magadi yakipata unyevu yanapitisha umeme, na chuma hakiyapendi. Tulifika, tukafungua hema, tukawasha friji. Friji ikaguruma, taa za ndani zikafifia, friji ikanyamaza, taa zikarudi. Baada ya dakika hivi: ngurumo, kufifia, kimya, mwanga. Watoto wakafanya mchezo wa kubahatisha ni lini itawaka. Mimi nilikuwa nikifikiria nyama ya mbuzi iliyokuwa ndani.

Mume wangu alikuwa ameshanunua mita yake mwenyewe. Akapima betri, na nadhani msomaji ameshajua ilisema nini. Volti 12.6, yaani betri imejaa. Tukalichukua neno la mita, tukachukua na sufuria kubwa, tukala nyama yote usiku ule kabla haijaharibika. Mama mkwe alijitolea kukaa juu ya friji. Haikusaidia, na hapo ndipo alipoanza kusema kwamba friji ina yake.

Fundi aliyekimaliza kisa hiki ni babu mmoja aliyejifunza umeme wa magari enzi za malori ya Bedford. Hana mita. Ana balbu moja ya indiketa, ya wati 21, iliyoungwa nyaya mbili ndefu zenye vibanio, na kiti kidogo cha mbao. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaweka kiti chini, akakaa, na hakuitazama taa hata moja. Akaanza kuuliza.

"Zinazima mkipanda au mkishuka?"

"Tukishuka, babu."

"Mkisimama zinawaka?"

"Mara nyingi."

"Nani aliwahi kuziwasha?"

Nikamweleza yote: afande na mguu wake, jirani na kofi lake, mama mkwe na mchicha. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alimsikiliza kila mmoja kupitia kwangu, akauliza mahali tu. Afande alikanyaga wapi? Mama alikaa wapi hasa, mbele au katikati? Jirani alipopiga kofi, trela lilitikisika? Kisha akageuka kwa mume wangu.

"Lile tufe la chuma nyuma ya gari, unalipaka grisi?"

"Kila safari, mzee," akasema mume wangu kwa fahari. "Siliachi kavu."

"Basi," akasema babu, akainuka.

Alibana waya mmoja wa balbu yake kwenye chanya ya betri ya gari, wa pili akaugusisha kwenye chuma cha trela. Balbu ikatoa uwekundu hafifu. Akamwita shemeji aje akae kwenye mkono wa trela. Shemeji akakaa, balbu ikang'aa. Akamwambia ainuke, ikafifia. Babu akachukua bisibisi, akafungua plagi ya pini saba, akatumulikia kwa tochi ya simu yangu.

Nyaya sita zilikuwa mahali pake, tukisamehe maunganisho ya shemeji. Wa saba, mweupe, pale unapoingia chini ya skrubu, ulikuwa umegeuka kijani. Babu akaugusa kwa ukucha. Nyuzi za shaba zikapukutika, zikabaki mbili au tatu nyembamba kuliko unywele, nazo ndizo zilizokuwa zimebeba taa za trela zima.

"Umeme wenu ulikuwa na njia ya kwenda," akasema. "Ya kurudi ndiyo hii."

Halafu akatufungulia kesi nzima. Njia halali ya kurudi ilipokatika, umeme wa taa ulikuwa ukirudi garini kupitia kile kikombe cha trela kinacholifunika tufe la chuma. Tukipanda mlima, trela linavuta nyuma, kikombe kinalibana tufe, chuma kinagusa chuma, taa zinawaka. Tukishuka, trela linatusukuma, kikombe kinalegea juu ya grisi nzito ya mume wangu, taa zinazima. Afande aliweka mguu, kikombe kikakaa. Mama mkwe alikaa, kikombe kikakaa zaidi. Kofi la jirani lilitikisa trela mpaka chuma kikakutana na chuma. Na pale njia zote zilipofungwa, umeme haukuwa na adabu ya kusubiri. Uliingia kwenye indiketa, ukakosa pa kutokea, ukarudi kinyumenyume kwa waya wa breki mpaka kwenye taa za breki za gari, na huko ndiko ulikopata ethi. Zile taa zote zilizopepesa kinyonge zilikuwa zinapitiwa tu.

"Na mita?" nikauliza. "Mita ilisema 12.6."

"Mita hainywi," akasema babu. "Waya ukibaki uzi mmoja, mita itakwambia volti zipo, kwa sababu yenyewe haiombi kitu. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea mbili. Uzi mmoja hauwezi. Ndiyo maana mimi natumia balbu. Ikiwaka, ujue waya unabeba."

Kwa hiyo hata yule fundi kijana hakukosea. LED hunywa kidogo sana. Kwa taa ndogo za LED zile nyuzi mbili tatu zilitosha, basi zikatulia. Kila mmoja wao alitibu kweli, na hakuna aliyejua alichotibu.

Babu alikata ncha iliyooza, akaurudisha waya nyuma mpaka pale shaba inapong'aa, akaufunga upya, akarudisha nyaya za shemeji kwenye rangi zake bila kutoa maoni. Kisha akaniomba mita ya mume wangu. Nilishangaa, akaniambia mita si mbaya, iliulizwa swali baya. Alimtuma shemeji awashe friji. Ncha moja ya mita akaiweka kwenye hasi ya betri ya trela, ncha nyingine kwenye chuma cha fremu, mahali ambapo friji nayo imefungwa hasi yake. Vitu hivyo viwili vinapaswa kuwa kitu kimoja, na mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Friji ilipoguruma, mita iliruka kupita 2.

"Hizo volti mbili zinaliwa na kutu," akasema babu. Friji za kambi zina kinga: volti zikishuka mno, mara nyingi kati ya 10 na 11, zinajizima ili zisiimalize betri. Yetu ilikuwa ikiwaka, kutu inakula volti zake, inaona giza, inajizima. Ikishajizima haivuti kitu, volti zinapanda, inajiona imepona, inawaka tena. Betri haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imejaa kama ilivyosema.

Boliti inayofunga ethi ya betri kwenye fremu ilikuwa nyuma ya boksi la betri, mahali ambapo mtu lazima alale chali aione. Mtu fulani zamani alilipaka trela rangi nzuri ya kijani, kisha akaifunga ethi juu ya rangi. Meno ya washa yalikuwa yameipenya rangi vya kutosha kwa miaka michache, halafu vumbi na unyevu vikamaliza mchezo. Babu aliilegeza kwa spana namba kumi na tatu. Chini yake palikuwa na duara la kutu jekundu, na pembeni ukoko mweupe wa magadi. Alisugua kwa msasa, polepole, akipuliza, mpaka chuma kikatoka cheupe chenye upana wa sarafu. Akasugua na uso wa teminali. Akaweka washa mpya yenye meno, akakaza, na baada ya kukaza, si kabla, akapaka grisi juu.

"Grisi ni blanketi," alimwambia mume wangu. "Humfuniki mtu blanketi kabla hajaingia kitandani."

Friji ilipowashwa, taa za ndani hazikufifia hata kidogo. Watoto walilalamika kwamba mchezo umeisha. Malipo aliyotaka babu yalikuwa madogo mpaka mume wangu akaona aibu, akaongeza, kisha akaona aibu ya kuongeza mbele yangu, maana nilikuwa na kumbukumbu kamili ya bei ya zile LED.

Mtaani kwetu hadithi imebaki na waandishi wengi. Mama mkwe anasema babu ni jibu la maombi, na siwezi kumpinga, alikuja siku ya ibada. Jirani anasema bila kofi lake zile nyaya zisingejulikana kuwa zimelegea. Shemeji ameweka video yake mwenyewe, anaonekana akisugua boliti ambayo haijawahi kuguswa na mkono wake, na wanaomtazama wanamshukuru.

Nami nimejifunza namna ya kuwatumia. Umeme wako ukianza kucheza, katika trela, gari au pikipiki, usiulize kwanza nini kimezima. Uliza ni wakati gani kinazima, mnapanda au mnashuka, kuna baridi au jua, nani alikuwa amekaa wapi. Usipime waya bila kuupa mzigo. Anza na njia ya kurudi, maana ya kwenda kila mtu ameshaitazama. Na jirani akija na kofi lake, usimfukuze. Mpe chai, mwache apige, kisha umuulize kwa makini alipiga wapi.